Kasulo: Nani yuko shimoni? Jibu liko kwenye jedwali la tatu

Shimo linapoporomoka Kasulo, swali la kwanza ni moja: nani yuko chini?

Mtaa huu wa Kolwezi ulianza kuchimbwa mwaka 2014, mkazi mmoja alipokuta madini ya kobalti chini ya nyumba yake. Majirani nao wakachimba viwanjani mwao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa uzio, wakazi wakahamishwa. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi na awe mwanachama wa ushirika uliokubaliwa na serikali.

Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini mchimbaji huyo mmoja anaweza kuwa na ushirika wake, timu ya shimo, na likelemba ya kuweka akiba. Na kila timu ina watu wengi.

Anayetengeneza orodha kwenye kompyuta kwa kawaida huanza na jedwali moja la watu, lenye safu ya "kikundi". Kikundi cha pili kikitokea, huongeza safu ya "kikundi 2". Cha tatu je? Wengine huandika jina la mtu upya, na hapo mchimbaji mmoja anageuka watu watatu. Siku ya ajali hesabu hiyo haina faida.

Dawa yake inajulikana tangu Edgar Codd wa IBM alipoeleza mfumo wa majedwali yanayohusiana, mwaka 1970. Jedwali la kwanza ni la watu, kila mmoja na namba yake. La pili ni la vikundi. La tatu ni la uanachama: namba ya mtu, namba ya kikundi, kazi yake humo, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Uanachama mmoja, mstari mmoja.

Tarehe ya kutoka ndiyo wengi huisahau. Mtu akihama timu, mstari wake usifutwe; ujazwe tarehe. Pato la shimo hugawanywa baada ya madini kuuzwa, na aliyechimba wiki mbili kabla ya kuondoka bado ana haki ya kudai. Mstari ukifutwa, ushahidi wake umekwenda.

Hata hivyo, uanachama hauonyeshi nani ameshuka leo asubuhi. Hilo linahitaji jedwali la nne, la kushuka na kupanda, na mtu wa kulijaza pale mdomoni mwa shimo kabla kamba haijateremshwa.