Kuzaliwa Edgbaston si kuwa Mwingereza

Mtoto akizaliwa katika Hospitali ya Wanawake ya Birmingham, mtaa wa Edgbaston, habari hufika Mbeya, Tanga au Kisumu kabla mama hajatoka wodini. Na katika simu za pongezi haikosi sauti moja ya utani: "Hongereni, mmetupatia Mwingereza!"

Mara nyingi utani huo si kweli. Mtoto huyo huenda si Mwingereza hata kidogo, na kwa wiki au miezi ya mwanzo anaweza kuwa hana karatasi ya nchi yoyote, isipokuwa cheti kinachosema alizaliwa lini na wapi.

Edgbaston inajulikana duniani kwa uwanja wake wa kriketi. Kwa watu wa Afrika Mashariki, hata hivyo, ni mtaa wa Chuo Kikuu cha Birmingham na hospitali kubwa zinazopakana nacho. Hapo wapo wanafunzi wa uzamivu, wauguzi, wahudumu wa wagonjwa na wenzi wao. Wengi ni vijana walio katika umri wa kuzaa, na wengi wanaishi kwa viza yenye tarehe ya mwisho.

Mwaka uliobadili mambo

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Jomo Kenyatta alisoma kwa muda katika chuo cha Woodbrooke, Selly Oak, jirani kabisa na Edgbaston, mwaka 1931. Baadaye alioa Uingereza, na mwanawe Peter Magana akazaliwa huko mwaka 1944. Enzi hizo ardhi ndiyo iliyoamua. Aliyezaliwa Uingereza alikuwa wa Uingereza, baba yake awe ametoka Gatundu au Glasgow, isipokuwa watoto wa mabalozi na wengine wachache.

Hali hiyo ilikwisha tarehe 1 Januari 1983, Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 ilipoanza kutumika. Tangu siku hiyo, mtoto anayezaliwa Uingereza huwa raia papo hapo iwapo tu baba au mama yake ni raia wa Uingereza au ana ukaazi wa kudumu. Baadaye waliongezwa watoto wa askari wa majeshi ya nchi hiyo.

Viza ya masomo si ukaazi wa kudumu. Viza ya kazi si ukaazi wa kudumu. Hata hadhi ya ukimbizi, ingawa inampa mtu ulinzi, peke yake si ukaazi wa kudumu.

Kuna jambo jingine kuhusu baba. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya Julai 2006, baba asiyefunga ndoa na mama hakuweza kumpa mtoto uraia wa Uingereza moja kwa moja. Kwa waliozaliwa tangu hapo anaweza, mradi ithibitike kuwa yeye ndiye baba.

Simu inapoingia usiku

Chukua mfano wa mume na mke kutoka Morogoro. Mke anasomea uzamivu Edgbaston, mume amekuja kama mwenzi wake. Mtoto anazaliwa mwezi Machi. Kila kitu kinakwenda sawa: kliniki, chanjo, picha kwa bibi na babu. Suala la pasipoti linasubiri, maana nauli ya London ni kubwa na masomo yamebana.

Mwezi Julai simu inaingia usiku. Bibi mzaa baba yu hoi, na anaomba amwone mjukuu.

Hapo ndipo wazazi wanagundua kwamba mtoto hawezi kupanda ndege. Cheti cha kuzaliwa si hati ya kusafiria. Pasipoti ya Uingereza hawezi kupewa, kwa sababu si raia. Pasipoti ya Tanzania anastahili, lakini hakuna aliyeiomba. Mzazi mmoja atatangulia peke yake, au wote watasubiri huku wakiomba Mungu ampe bibi siku.

Ubalozi unaweza kutoa hati ya dharura ya safari. Hati hiyo humfikisha mtoto nyumbani, lakini haimrudishi Birmingham. Mtoto aliyezaliwa Uingereza na wazazi wenye viza havunji sheria kwa kukaa pale bila viza yake mwenyewe. Akishatoka nje ya nchi, hata hivyo, atahitaji ruhusa yake ya kurudi. Mama anaweza kujikuta Dar es Salaam, likizo imekwisha, profesa anamsubiri, na mtoto hana viza.

Ndiyo maana wazoefu huwashauri wenzao wamwombee mtoto pasipoti kwanza, kisha viza ya tegemezi akiwa bado Uingereza, ndipo wakate tiketi. Hayo yana gharama. Tangu Februari 2024 ada ya huduma ya afya kwa mtoto anayeombewa viza ni pauni 776 kwa mwaka, mbali na ada ya viza yenyewe.

Cheti kwanza

Mlango wa yote hayo ni cheti cha kuzaliwa. Katika England uzazi unatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 42. Wazazi wanaotaka kumwombea mtoto pasipoti wachukue cheti kirefu, kinachoonyesha majina ya baba na mama. Cheti kifupi kinamtaja mtoto peke yake, na ubalozini hakisaidii kitu, kwa sababu uraia unaotafutwa unatoka kwa wazazi.

Wasiofunga ndoa wawe waangalifu zaidi. Mama akienda peke yake kuandikisha bila hati maalumu ya kisheria, jina la baba haliandikwi. Kama uraia wa mtoto unategemea baba, nafasi hiyo iliyoachwa wazi italeta usumbufu baadaye.

Kisha inakuja safari ya London. Ubalozi wa Tanzania uko Stratford Place, wa Kenya uko Portland Place, na Uganda House iko Trafalgar Square. Kutoka stesheni ya New Street hadi Euston, treni huchukua kama saa moja na nusu. Wazazi hubeba cheti cha mtoto, vyeti vyao vya kuzaliwa, pasipoti zao, picha, na mfuko wa nepi.

Kila nchi na sheria yake

Wanaokutana kwenye foleni hizo hawako chini ya sheria moja.

Kwa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilifungua mlango mkubwa. Kabla ya hapo, mama Mkenya aliyejifungulia nje ya nchi hakuweza kumrithisha mtoto uraia. Baba tu ndiye aliyeweza. Sasa mtoto wa Mkenya, awe baba au mama, ni raia kwa kuzaliwa popote alipozaliwa, na waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo nao wamo. Mkenya wa kuzaliwa pia hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine.

Uganda inakwenda mbali zaidi: inamtambua mtoto ambaye mzazi wake, au hata babu au bibi yake, ni au alikuwa raia wa kuzaliwa. Uraia wa nchi mbili uliruhusiwa kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na sheria ya utekelezaji ikafuata mwaka 2009.

Tanzania ni habari nyingine. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mtoto aliyezaliwa nje uraia wa kurithi, kupitia baba au mama. Hapo hakuna tatizo. Matatizo yako mbele.

La kwanza ni umri wa miaka 18. Mtoto wa Mtanzania anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili akiwa mdogo, lakini akifika utu uzima anatakiwa achague. Asipoukana ule wa nchi nyingine, wa Tanzania unapotea. Diaspora imelilia uraia pacha kwa miaka mingi. Katika miaka ya 2020 Serikali imekuwa ikizungumzia Hadhi Maalumu badala yake, lakini hadhi si uraia.

La pili halisemwi sana, nalo ni zito. Uraia wa kurithi haurithishwi tena nje ya nchi. Binti aliyezaliwa Edgbaston na wazazi Watanzania ni Mtanzania. Siku moja akijifungua Muscat au Dubai, katika nchi ambazo hazimpi mtoto uraia kwa sababu ya kuzaliwa pale tu, na baba wa mtoto naye akawa hana uraia wa kumpa, mjukuu huyo anaweza kubaki bila nchi. Angezaliwa Morogoro, hadithi ingekuwa tofauti. Wazazi wanaochelewa kufikiria haya wanaacha deni litakalolipwa na wajukuu.

Kwa wakimbizi, mlango wa ubalozi ni hatari. Mkongomani au Mrundi aliyekimbia serikali yake hawezi kwenda kuiomba serikali hiyohiyo pasipoti ya mtoto bila kuhatarisha ulinzi alionao. Yeye huelekea Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, ambayo huwapa wakimbizi hati ya kusafiria chini ya Mkataba wa mwaka 1951. Hati hiyo huenda nchi nyingi, ila si ile waliyoikimbia.

Miaka kumi ya kusubiri

Je, mlango wa Uingereza umefungwa kabisa? Hapana. Kuna njia mbili zinazofahamika zaidi.

Mzazi akipata ukaazi wa kudumu au uraia kabla mtoto hajafika miaka 18, mtoto aliyezaliwa Uingereza ana haki ya kuandikishwa kuwa raia. Tatizo ni muda. Kwa wafanyakazi wengi, wakiwemo wauguzi, ukaazi huo umekuwa ukipatikana baada ya miaka mitano, lakini mwezi Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuifanya kumi.

Njia ya pili ni ya mtoto mwenyewe. Aliyezaliwa Uingereza na kuishi huko miaka yake kumi ya mwanzo, bila kukaa nje zaidi ya siku 90 katika mwaka wowote, ana haki ya kuandikishwa, wazazi wawe na viza gani. Mama wengi hutupa ushahidi wake bila kujua: kitabu chekundu cha kliniki, barua za daktari, ripoti za shule. Anayevihifadhi anamwekea mtoto akiba.

Haki hizo zina bei. Mwaka 2018 ada ya kumwandikisha mtoto ilifika pauni 1,012, ilhali gharama ya kushughulikia ombi ilikuwa pauni 372 tu. Mtoto mmoja aliyejulikana mahakamani kwa herufi O, aliyezaliwa Uingereza mwaka 2007 na ambaye hakuwahi kutoka nje ya nchi hiyo, alikuwa na haki lakini mama yake hakuwa na pesa. Mahakama Kuu mwaka 2019, na Mahakama ya Rufani mwaka 2021, ziliona kuwa serikali haikuzingatia maslahi ya watoto ilipopanga ada hiyo. Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Juu ilisema Bunge lilikuwa limempa waziri mamlaka ya kuweka ada kubwa kiasi hicho. Lakini Juni mwaka huohuo ulianza utaratibu wa kuwasamehe ada watoto ambao familia zao haziwezi kulipa. Mwaka 2023 ada ilipanda kupita pauni 1,200, na wenye haki ya msamaha wanapaswa kuuomba wenyewe.

Afadhali mapema

Mzazi aliyejifungua Edgbaston wiki hii ana mambo matatu ya kufanya: aandikishe uzazi na kuchukua cheti kirefu, amwombee mtoto pasipoti ya nchi ya wazazi kabla hajaihitaji, na atunze kila karatasi yenye jina la mtoto. Kama viza yake ina utata, amwone mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa, si jamaa anayejua jamaa.

Wapo wanaosita kuomba pasipoti ya nyumbani wakidhani itamharibia mtoto nafasi ya Uingereza. Haiharibu. Miaka kumi inahesabiwa vilevile, mtoto awe na pasipoti ya Tanzania au asiwe nayo. Inachobadilisha ni kwamba simu ikiingia usiku kutoka Morogoro, mtoto anaweza kwenda kumwona bibi yake.