“Umejuaje?”: Swali Linalojenga Chekechea

Weka vifuniko saba vya soda mezani, mbele ya mtoto wa miaka minne. Mwalimu wa kwanza ataongoza darasa zima: moja, mbili, tatu, hadi saba, na watoto wataitikia kwa sauti inayofika barabarani. Mwalimu wa pili atafunika viwili kwa kiganja na kumuuliza mtoto mmoja, “Nimeficha vingapi?” Mtoto atatazama vitano vilivyobaki, vidole vitacheza, kisha atajibu, “Viwili.” Mwalimu ataongeza swali: “Umejuaje?” Halafu atanyamaza, amsubiri.

Ndani ya ukimya huo mfupi ndimo chekechea inamofanya kazi yake. Mtoto anarudi nyuma, anaifuata njia aliyopitia akilini, anatafuta maneno ya kuieleza.

Mwaka 2018, Rachel Romeo na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliohusu watoto 36 wa miaka minne hadi sita. Walirekodi mazungumzo ya nyumbani, kisha wakapima ubongo wa kila mtoto akisikiliza hadithi. Watoto waliopokezana maneno na watu wazima mara nyingi zaidi, huyu akisema na yule akijibu, ndio ambao sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha ilichangamka zaidi. Wingi wa maneno aliyomwagiwa mtoto haukueleza tofauti hiyo. Zamu za mazungumzo ndizo zilizoieleza.

Hilo linatuhusu sisi wa Mbotela, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi uliopewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU (Kenya African Union) aliyeuawa mwaka 1952. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya awali, yaani PP1 na PP2 za leo. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea ya umma ni mtumishi wetu, na kodi yetu ndiyo inayomlipa. Tangu 2023, mpango wa Dishi na County unawapa watoto wa shule za umma za Nairobi chakula cha mchana kwa shilingi tano. Ni hatua njema, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hasikii. Lakini mtoto aliyeshiba anahitaji pia mtu wa kuzungumza naye.

Pesa ya umma peke yake haitoshi. Huko Marekani, mji wa Ypsilanti, Michigan, ulianzisha chekechea ya Perry mwaka 1962: mwalimu mmoja kwa watoto wapatao sita, na kila wiki mwalimu alimtembelea mtoto na mama yake nyumbani. Wanafunzi wake walifuatiliwa hadi utu uzima, na walikuwa na kazi na kipato bora kuliko wenzao waliokosa nafasi. Jimbo la Tennessee nalo lilifungua chekechea za umma kwa maelfu ya watoto. Watafiti waliwalinganisha waliopata nafasi kwa bahati nasibu na waliokosa. Kufikia darasa la sita, waliopata ndio waliofanya vibaya zaidi katika mitihani. Kumbe kumwandikisha mtoto ni jambo moja, na kumfunza ni jingine.

Kwetu Kenya njia tunaijua. Kuanzia miaka ya 1980, wakufunzi wa DICECE, vituo vya wilaya vya elimu ya awali, waliwafunza walimu wakati wa likizo, kisha wakawafuata madarasani. Mjini Mombasa, Bi Swafiya Said aliongoza mpango wa chekechea za Madrasa ulioanza 1986, ukafika Zanzibar na Uganda. Utafiti uliofanywa Kenya, Zanzibar na Uganda ulionyesha kuwa watoto wake waliendelea vizuri kuliko waliosoma chekechea nyingine. Baadaye ukaja mpango wa Tayari, uliojaribiwa Laikipia, Siaya, Uasin Gishu na hapa Nairobi: mafunzo, vitabu, mwongozo wa mwalimu, na mtu wa kuja darasani kumsaidia. Vilipowekwa pamoja, watoto waliingia darasa la kwanza wakiwa tayari zaidi.

Kiungo ninachokiona katika hadithi hizi za kwetu ni yule mgeni anayeketi nyuma ya darasa asubuhi nzima, kisha akamwambia mwalimu kwa upole, “Leo umeuliza maswali mengi, lakini hukumsubiri mtoto ajibu. Kesho tujaribu pamoja.” Anakuja kusaidia, hakuja kukagua. Ugumu ni kwamba hapigwi picha kama rangi mpya ya ukuta, na bajeti ikibana, nauli yake ndiyo hukatwa kwanza.

Basi mwakilishi wetu wa wadi, MCA, akija mtaani kutuambia kuwa walimu wa chekechea wanasaidiwa ipasavyo, tumuulize kama mwalimu alivyomuuliza yule mtoto wa vifuniko: umejuaje? Nani aliketi darasani mwao muhula huu, na alirudi lini? Kisha tunyamaze, tumsubiri ajibu.