Kuzamia Pamoja na Mwenzi Anayelevywa na Bahari

Wapo wanandoa ambao mmoja wao akitajiwa bahari anawaza mitungi ya hewa, matumbawe na kasa, na mwenzake, feri ikiachia tu gati la Dar es Salaam, tayari mate yanamjaa mdomoni. Wakipanga likizo ya kuzamia, mazungumzo huishia duka la dawa: tumeze kidonge gani? Swali hilo lina nafasi yake, lakini ni la mwisho. La kwanza ni hili: mtakaa dakika ngapi juu ya maji kabla ya kuingia ndani yake? Bahari inayotapisha ni ile ya juu. Mita kumi chini, mara nyingi, kumetulia.

Sababu iko kwenye wimbi lenyewe. Wimbi halisombi maji kuyapeleka mbele, linayazungusha tu mahali pake, na mzunguko huo hupungua kadiri unavyoshuka. Ukifika kina cha nusu ya umbali ulioko kati ya mgongo mmoja wa wimbi na mwingine, mtikisiko umekwisha karibu wote. Viwimbi vya upepo vinavyopita kila sekunde 3 vimeachana kwa mita 14 hivi, kwa hiyo mzamiaji aliyefika mita 7 havisikii tena. Yale mawimbi marefu yanayotoka mbali, ya sekunde 8, yameachana kwa takriban mita 100. Hayo humfuata hadi chini na kumsukuma mbele na nyuma juu ya mwamba, na mtu mwenye roho nyepesi anaweza kutapika huko huko.

Kwa nini lakini mmoja augue na mwingine ale mandazi? Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kisichohusika na kusikia. Kina mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi kichwa kikigeuka, na vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa vinavyohisi kupanda, kushuka na kuinama. Ukiwa umeketi botini unatazama simu, macho yanatoa taarifa kwamba kila kitu kimetulia: benchi lipo palepale, begi lipo palepale. Sikio linasema tunapanda, tunashuka, tunalala ubavu. Ubongo umezoea taarifa hizi zikubaliane. Zikipingana kwa muda, mwili hujibu kwa miayo, jasho baridi, kigegezi na hatimaye kutapika. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Michel Treisman alipendekeza kwamba ubongo huuchukulia mvurugano huo kama dalili ya kula sumu, ndiyo maana unaamuru tumbo litapike. Ni dhana nzuri, ingawa imebaki kuwa dhana.

Kwamba chanzo ni sikio, ushahidi wake ni wa kufurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa jeshi la majini la Marekani, ambao kazi yao ilikuja kuwafaa NASA, waliwachukua wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet, Washington. Kumi kati yao walikuwa wameugua homa ya uti wa mgongo utotoni, ugonjwa ulioharibu usikivu pamoja na kile kiungo cha mizani. Katika moja ya majaribio walipandishwa feri iliyopelekwa kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada. Watafiti walitapika mpaka jaribio likavunjwa. Viziwi wakaendelea kucheza karata.

Kwa hiyo mume anayemwambia mkewe "jikaze" anamtaka aliamuru sikio lake linyamaze. Woga na harufu mbaya huongeza tatizo, ni kweli, lakini haviundi tatizo. Kwa wastani wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, na wenye kipandauso zaidi ya wasio nacho. Mimba nayo huongeza, ila mjamzito hapaswi kuzamia kwa mtungi kabisa, basi hilo tuliache.

Turudi kwenye dakika. Kwenye pwani yetu kalenda inaamua mengi kuliko bei ya hoteli. Kusi huvuma takriban Mei hadi Septemba, na Juni hadi Agosti ndiyo kali zaidi. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Katikati yake ni tanga mbili, upepo haujui uende wapi na bahari inalala. Mwenye mwenzi wa kuchafukwa atafute Oktoba na Novemba, au mwishoni mwa kaskazi kabla masika hayajachafua maji. Mwezi wa saba, likizo ya shule, nauli za kushawishi: ndio wakati mbaya kuliko yote, na Watamu kule Kenya baadhi ya vituo vya kuzamia hufunga kabisa katikati ya mwaka.

Baada ya msimu, tazama upande wa kisiwa. Kusi inapovuma, mashariki ya Unguja ndiko mawimbi ya bahari kuu yanakovunjikia. Magharibi, mbele ya Mji Mkongwe, kuna miamba ya Pange, Bawe na Murogo, na yote imekingwa na kisiwa chenyewe. Si ya kifahari kama ile ya kisiwa cha Mnemba, wala hakuna anayeweka picha zake ukutani, lakini mtu anaifikia akiwa bado na rangi usoni. Mnemba nayo ina siri yake. Ukiondokea Matemwe ni safari fupi, ukiondokea Nungwi ni ndefu zaidi na bahari iko wazi. Wanandoa wengi huchagua hoteli Nungwi kwa ajili ya ufukwe, halafu kila asubuhi wanalipia uamuzi huo kwa tumbo.

Ningelazimika kuchagua pahala pamoja, ningechagua Ghuba ya Chole, Mafia. Hifadhi ya bahari pale ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na ghuba yenyewe imezungukwa na visiwa na miamba kiasi kwamba wimbi la bahari kuu linaishia nje, kwenye mlango wa Kinasi. Ndani yake kuna matumbawe ya kutosha wiki nzima bila kuvuka mlango huo. Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, papa potwe huja upande wa pili wa kisiwa, mbele ya Kilindoni, na kuogelea nao hakuhitaji mtungi. Ila msiende kwa chombo kutoka Nyamisati mkaharibu kila kitu kabla hamjafika; ndege ndogo kutoka Dar ni nusu saa na ushee.

Kuna na jambo la mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka kwa kiasi kinachokaribia mita 4, na mikondo kwenye milango ya miamba huwa mikali. Upepo ukikutana uso kwa uso na mkondo, wimbi husimama: linakuwa fupi, refu kwenda juu, lenye kupiga. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo kaskazi inapovuma kwa nguvu vitu hivi viwili hugombana hata siku ya jua. Siku za maji mafu ni za upole zaidi. Nahodha yeyote anayajua haya bila kufungua kitabu. Muulize kwa simu kabla ya kulipa amana, na umuulize pia mnaondoka saa ngapi. Saa moja asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka, ni tofauti kabisa na saa tano.

Sasa kipande ambacho matangazo ya hoteli hayakitaji. Safari nyingi za kuzamia ni za mitungi miwili, na kati ya mtungi wa kwanza na wa pili mnapumzika saa nzima hivi ili naitrojeni itoke mwilini. Wapi? Kwenye boti iliyotia nanga. Injini imezimwa, kwa hiyo chombo hakikati tena wimbi, kinageuka na mara nyingine kulipokea ubavuni. Mtu ana nguo ya mpira iliyolowa, imembana kifua. Petroli inanukia tezini. Sahani ya matikiti na maandazi inapitishwa, wenzake wanasimuliana walichokiona. Yeye ameacha kuchangia. Amepiga miayo mara ya tatu, midomo imepauka, anameza mate. Majaribio ya miaka ya 1970, ambapo watu walipandishwa na kushushwa ndani ya chumba cha mashine, yalionyesha kwamba mwendo unaotapisha kuliko wote ni ule wa mzunguko mmoja kila sekunde 5 hivi. Boti iliyotia nanga inaweza kuutoa mwendo huo bila malipo ya ziada.

Dawa ya saa hiyo ni kutokuwapo. Omba mapumziko yawe ufukweni au kwenye fungu la mchanga, au mlipie mtungi mmoja tu mrudi. Vifaa avae mapema, nanga bado haijashuka, ili asiiname kufunga mikanda chombo kikiyumba. Yeye awe wa kwanza kuingia majini na wa mwisho kutoka. Botini akae katikati, chini, mbali na moshi, macho yakiwa kwenye upeo wa bahari au kwenye kisiwa. Simu iwe mfukoni. Tumbo lisiwe tupu wala lisijae, na pombe ya jana usiku isiwepo. Ikibidi kutapika, ni upande wa demani. Wa joshini upepo utamrudishia.

Ndipo tunafika kwenye vidonge. Sinarizini ni ya kawaida madukani, na humezwa saa mbili hivi kabla ya safari. Promethazini inafanya kazi vizuri lakini inalaza, na mtu anayesinzia hafai kuwa chini ya maji. Kibandiko cha hayosini hubandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla na hufanya kazi hadi siku tatu. Kinakausha mdomo, kinaweza kutia ukungu machoni, na ukikigusa kisha ukafikicha jicho, mboni inatanuka. Mwenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba azungumze na daktari kwanza. Ondansetroni, inayowasaidia sana wagonjwa wa saratani, haikingi kutapika kwa baharini. Dawa yoyote imezwe kabla, kwa sababu kichefuchefu kikishaanza tumbo hupunguza kazi na kidonge kinakaa humo kikisubiri kutapikwa.

Kwa mzamiaji kuna sharti la ziada. Naitrojeni chini ya mgandamizo hulewesha, na kuanzia mita 30 hivi watu wengi huanza kuhisi. Dawa inayosinzisha inajumlishwa na ulevi huo. Basi dawa ijaribiwe nyumbani siku kadhaa kabla, na aliyeimeza asizidi kina kidogo, tuseme mita 12 au 15. Daktari aambiwe wazi kwamba ni kwa ajili ya kuzamia. Kama anatoka bara na anahitaji kinga ya malaria, ajue pia kwamba meflokwini huleta kizunguzungu na haishauriwi kwa wazamiaji.

Tangawizi? Mwaka 1988 watafiti wa Denmark waliwapa wanamaji wanafunzi 80 ama unga wa tangawizi, gramu 1, ama kidonge kitupu. Waliopata tangawizi walitapika mara chache kuliko wenzao na jasho baridi lilipungua, ingawa kichefuchefu chenyewe hakikupungua kwa kiwango cha kuhesabika kitakwimu. Ni msaada mdogo, na Zanzibar unauzwa sokoni. Zile bangili za kubana kifundo cha mkono hazijafanya vizuri kwenye majaribio, lakini hazina madhara.

Kitakachosaidia zaidi kuliko bangili ni siku. Sikio na macho ya wengi hupatana baada ya siku mbili au tatu za kuwa baharini, kwa hiyo safari ya siku sita yenye kuzamia kwa muda mfupi kila asubuhi inamfaa kuliko wikendi moja ya mitungi minne. Wapo wasiozoea. Charles Darwin alisafiri na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836 na aliendelea kuugua hadi mwisho. Mwenzi wa namna hiyo msimlazimishe.

Akichafukwa akiwa chini, sheria ni moja: kinywa cha kupumulia hakitoki mdomoni. Anakishika kwa mkono, anatapika kupitia humo, anabonyeza kitufe cha kusafishia, anavuta pumzi taratibu. Kikiziba, anachukua kile cha akiba. Hatari ni kukitoa, maana mtu akimaliza kutapika huvuta pumzi bila kukusudia. Nawe uwe karibu kiasi cha kumshika mkono. Aliyekwisha kutapika botini asizamie tena siku hiyo. Amepoteza maji, na upungufu wa maji unashukiwa kuongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo.

Hapa panahitaji umakini kuliko kwingine kote. Mtu aliyekuwa mzima wakati wa kwenda, akapanda kutoka chini, kisha dakika au saa chache baadaye akaanza kuzungukwa na dunia, kutapika, au sikio moja likavuma na kuziba, asiambiwe "ni bahari tu". Huenda mapovu ya gesi yameingia kwenye sikio la ndani. Huyo hupewa oksijeni tupu na kupelekwa kwenye chumba cha mgandamizo haraka. Kabla ya kulipa, uliza kituo kina oksijeni botini na chumba cha karibu kiko wapi. Kisichojibu mara moja kikose pesa zenu.

Anayeamua kubaki juu naye apangiwe chake. Chumbe, karibu na Mji Mkongwe, mitungi hairuhusiwi na miamba inaonekana kwa miwani na mrija tu. Na mkitaka kuunganisha bahari na mbuga, anzeni na mbuga. Baada ya kuzamia siku kadhaa, saa 18 za kutopanda ndege ndizo za chini zinazoshauriwa, na vituo vingi husema 24. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mwili hautofautishi kama umepandishwa huko kwa ndege au kwa Land Cruiser.