Betri za mashine za migodini

Betri za mashine za migodini ni betri kubwa zinazotunza umeme wa kuendesha mashine nzito, hasa vichwa vya treni ndogo zinazovuta mabehewa chini ya ardhi. Hazitoi moshi kama injini ya dizeli.

Aina ya zamani ni betri ya risasi na asidi. Kila seli yake hutoa takriban volti 2. Ni nzito mno, lakini kwa treni uzito huo ni faida, maana huyasaidia magurudumu kushika reli. Kwenye mteremko mota inaweza kufanya kazi ya jenereta: hupunguza mwendo na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri.

Hatari kubwa ni wakati wa kuchaji, kwa sababu betri hiyo hutoa haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Migodi ya makaa ya mawe, kama ule wa Kiwira uliojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1980 (wilaya ya Ileje, wakati huo Mkoa wa Mbeya, tangu 2016 Songwe), inapaswa pia kujihadhari na methani inayotoka katika makaa yenyewe. Cheche ya swichi moja inatosha kuiwasha. Hivyo swichi hufungwa ndani ya makasha imara ya chuma, na hewa ya chumba cha kuchajia hutolewa nje bila kupita walipo wachimbaji.