Mchuzi wa nyama wa Kitaliano si wa hotelini pekee

Hapa Malindi tumeishi na Waitaliano tangu walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, miaka ya 1960. Vijana wetu wanazungumza Kitaliano, na wengi wanapika vyakula vya Kitaliano hotelini kwa ustadi mkubwa. Lakini majumbani mwetu tambi bado ni zile za nazi, sukari na iliki. Hizo nazipenda. Ila naona tunajinyima chakula kizuri cha familia kwa kudhani ni cha matajiri, au hakipikiki bila divai na nguruwe.

Mchuzi wenyewe huitwa ragù, na unaojulikana zaidi ni wa mji wa Bologna. Mwaka 1982 Accademia Italiana della Cucina iliandikisha upishi wake katika chemba ya biashara ya mji huo: nyama ya ng'ombe gramu 300, nyama ya nguruwe gramu 150, kitunguu, karoti, selari, divai, maziwa, na sosi ya nyanya vijiko vitano tu. Kumbe ni mchuzi wa nyama, si rojo la nyanya.

Katika nyumba ya Kiislamu kama yangu, nguruwe na divai havina nafasi. Nguruwe huleta mafuta, basi mimi humwambia muuza nyama anisagie nyama yenye mafuta kidogo. Divai huleta ukali na kubandua ukoko chini ya sufuria, na kazi hiyo inafanywa na nyanya na supu ya mifupa.

Kwa nusu kilo ya kima, katakata kitunguu kimoja, karoti moja na kijiti cha selari, vyote vidogo sana. Vikaange kwa moto mdogo mpaka vilainike. Vitoe, ongeza moto, kisha kaanga kima kidogo kidogo. Ukikitia chote kwa pamoja kitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ladha yote iko kwenye ule wekundu wa kukaangika.

Rudisha mboga, tia nyanya ya kopo vijiko vitano, chumvi, pilipili manga na supu ya kufunika nyama. Punguza moto uwe wa kutokota tu, uache kwa saa mbili au zaidi, ukiongeza supu inapokauka. Jiko la makaa lililofunikwa jivu linafaa sana. Karibu na mwisho tia kikombe cha maziwa ili kupunguza ukali wa nyanya.

Tambi zichemshe kwenye maji mengi yenye chumvi, uzitoe zikiwa bado na ugumu kidogo. Usizisuuze. Zichanganye na mchuzi ndani ya sufuria pamoja na maji kidogo ya tambi, ndipo mchuzi unashika. Bologna hutumia tambi pana za mayai. Ukizikosa, makaroni yanafaa kuliko spageti.

Nusu kilo ya kima na nusu kilo ya tambi zinatosha watu sita. Kinachotakiwa zaidi ni muda, si pesa. Na kama una kijana anayepika hotelini, mwombe siku yake ya mapumziko awapikie wadogo zake. Ujuzi unaowashibisha wageni kila siku, na watu wa nyumbani wauonje.