Kompyuta ya Gemu: Uliza Umeme Kabla ya i7

Mtu akitafuta kompyuta ya gemu kwa pesa chache, swali lake la kwanza huwa ni prosesa ya i5 au i7, na swali hilo ndilo humpoteza. Gemu huchorwa na kadi ya grafiki. Prosesa ikishatosha, kuiongezea nguvu hakubadilishi sana unachokiona kwenye skrini. Tazama FC 24, mchezo wa mpira wa mwaka 2023: kiwango chake cha chini ni i5-6600K, prosesa ya 2015, pamoja na ramu ya GB 8 na kadi ya GTX 1050 Ti. Mitumba ya ofisi, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ina prosesa za kutosha. Chukua tu ya kizazi cha nane, mfano i5-8500, kwa kuwa Windows 10 iliachwa Oktoba 2025 na Windows 11 kwa kawaida haizikubali i5 za zamani zaidi. Pesa zinazobaki ziende kwenye kadi.

Hapo ndipo umeme unapoamua. OptiPlex 7060 ya mnara kwa kawaida huja na pawasaplai ya wati 260, na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo huibadilishi kirahisi. RX 580 ya mtumba huvutia kwa nguvu zake, lakini hula wati 185 peke yake na hudai waya wake wa umeme, ambao masanduku haya kwa kawaida hayana. GTX 1650 hula wati 75, na baadhi yake huchukua umeme wote kwenye tundu inamochomekwa. Igeuze uitazame ukingoni: ukiona soketi ya pini sita, irudishe. Sanduku likiwa jembamba, taka kadi ya kimo kifupi. Na katika chumba cha nyumba ya Kiswahili, wakati wa joto la Kaskazi, kila wati iliyopungua ni joto lililopungua.

Wapo watakaosema heri kujiunganishia mpya, kwani sanduku la ofisi halikui. Ni kweli halikui, na mwenye pesa za kutosha asilinunue. Lakini mwenye bajeti ndogo akianza mpya hujikuta anabana kwenye pawasaplai, ananunua isiyo na jina, nayo ikiungua huweza kuondoka na kadi. Wengine watasema PS4 ya mtumba ni nafuu. Kwa gemu pekee, sawa. Ila mwanafunzi hawezi kuandikia kazi zake za chuo humo.

Kabla hujalipa, mwambie fundi aiwashe, aweke gemu, iende nusu saa nzima mbele yako. Akikataa, ondoka na pesa zako.