Hesabu ya Msaada wa Vita

Leo twataka kueleza jambo ambalo wengi hulisikia bila kulifahamu: taifa likiwa vitani na kuletewa silaha na mataifa mengine, ni nani alipaye, naye hulipa lini? Tutatumia mfano wa Vita Kuu vya Pili, vya 1939 hadi 1945, maana katika hesabu ya vita hivyo upande wetu wa Shinyanga na Geita ulikuwa na sehemu yake.

Baada ya vita kuanza, sheria ya Marekani iliwaruhusu Waingereza kununua silaha kwa masharti mawili: walipe taslimu, tena wachukue mizigo yao kwa merikebu zisizo za Marekani. Fedha za Kiingereza hazikufaa kwa biashara hiyo. Zilitakiwa dola au dhahabu, na wakia moja ya dhahabu ilikuwa dola 35. Kwa hiyo dhahabu ya makoloni, kama iliyochimbwa Geita, ilinunuliwa kwa fedha za Kiingereza ikaingia katika akiba ya London, na kwa akiba hiyo vitu vya Marekani vilinunuliwa. Mchimbaji aliyeshuka shimoni hakuiona ndege iliyonunuliwa, lakini jasho lake lilikuwamo.

Hata hivyo akiba ni kama ghala: ukitoa kila siku kuliko unavyotia, mwisho wafika sakafuni. Mwisho wa mwaka 1940 Uingereza ilikaribia kuishiwa. Ndipo Rais Roosevelt wa Marekani alipowapa watu wake mfano: nyumba ya jirani ikiwaka moto, humwuzii mpira wa maji, humwazima, naye hukurudishia moto ukizimika. Sisi wa Usukumani twaufahamu mfano huo upesi, maana jirani akikosa maksai wakati wa kulima, hatuanzi kubishana bei huku mvua inapita. Huazimwa kwanza, na hesabu hufuata.

Tarehe 11 Machi 1941 shauri hilo likawa sheria. Marekani ikatoa silaha, malori, vyakula na mafuta kwa mataifa zaidi ya 30, yakiwamo Uingereza, Urusi na Uchina. Jumla ilifika karibu dola bilioni 50, yaani milioni elfu hamsini.

Lakini msaada usiopangwa huharibika: huyu hupata risasi zisizoingia katika bunduki zake, na yule hupata bunduki bila risasi. Basi mwaka 1942 Waingereza na Wamarekani waliunda halmashauri za pamoja: moja ya kugawa silaha, nyingine ya malighafi, nyingine ya merikebu. Kila kitu kilipimwa kwa haja ya vita. Hata almasi, ambazo Bwana Williamson aliligundua chimbuko lake Mwadui mwaka 1940, hazikuwa pambo tu. Zile zisizofaa kwa vito zilitakiwa viwandani, kwa kuwa hukata na kunoa chuma kigumu cha mitambo.

Tena msaada haukwenda upande mmoja. Uingereza nayo iliwapa askari wa Marekani kambi na vyakula bila kuwatoza, na tangu mwaka 1943 ikatoa hata malighafi za makoloni. Hapa tutazame vizuri. Mazao ya makoloni yaliandikwa katika daftari kuwa msaada wa Uingereza. Mkulima alilipwa kwa fedha za Kiingereza, na fedha nyingi za makoloni zikabaki London kama deni, maana bidhaa za kununua zilikuwa adimu. Nao vijana wapatao 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wakapigana Ethiopia, Madagascar na Burma.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, msaada ulikatwa ghafula, na wakubwa wakakaa kufanya hesabu. Sehemu kubwa ya deni ilisamehewa. Kwa vitu vilivyosalia Uingereza ilikubali kulipa dola milioni 650, na ikakopeshwa dola bilioni 3.75 zaidi kwa faida ya asilimia 2 kwa mwaka. Ililipa kidogo kidogo, na fungu la mwisho likalipwa Desemba 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa amani alikuwa na miaka 61.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Marekani ilikuwa na daftari lenye sahihi, ikalipwa hata senti ya mwisho baada ya miaka sitini. Mchimbaji wa Geita na askari wa Burma hawakuwa na ukurasa wenye jina lao. Basi, wanafunzi na wazee wetu, msikiapo leo kwamba mataifa yameahidi kulisaidia taifa lililo vitani, ulizeni mambo matatu: ni nani aandikaye daftari, kitu kimeandikwa kwa jina la nani, na bei imekatwa na nani. Ajuaye majibu hayo ajua ni nani atakayebeba mzigo wa vita bunduki zikinyamaza.